Mahindi si ya Hindi: kuisoma dunia ilivyofungamana kabla ya viwanda

Kuna zao lililotoka Mexico ambalo Waitalia huliita granoturco, yaani nafaka ya Waturuki. Waturuki wenyewe huliita mısır, neno lile lile wanalotumia kuitaja nchi ya Misri. Waswahili tukaliita mahindi, tukalirudisha Bara Hindi ambako halikuzaliwa. Katika hao watatu hakuna anayeitaja Mexico, na hakuna aliyedanganya. Kila mmoja aliliita zao kwa jina la upande ambao mambo mageni yalizoea kutokea. Huo ndio ugumu wa somo hili, na ndio utamu wake: dunia ilifungamanishwa na watu ambao wengi wao hawakujua kuwa wanaifungamanisha. Kila mmoja aliona pingili moja ya mnyororo. Anayesoma historia hii leo anajaribu kuona mnyororo mzima, kitu ambacho hakuna aliyeishi wakati ule aliyekiona.

Kipindi chenyewe huitwa mwanzo wa zama za kisasa, na kwa kawaida huhesabiwa kuanzia miaka ya 1450 hadi karibu na 1800. Jina hilo lilishonwa kwa kipimo cha Ulaya, kwa hiyo wengine linawapwaya. Mchina wa mwaka 1500 alikuwa katikati ya enzi ya Ming, wala hakuwa na habari kwamba kuna zama zinaanza. Hata hivyo sioni haja ya kulipigia kelele jina hilo, kwa sababu ndani ya miaka hiyo lilitokea jambo lisilo na mfano kabla yake. Afrika, Asia na Ulaya zilikuwa zikijuana tangu kale, kwa ngamia na kwa tanga. Amerika ilikuwa peke yake. Waviking walifika Newfoundland karibu na mwaka 1000, wakaondoka, na safari yao haikubadilisha kitu upande wowote. Baada ya 1492 mlango ulifunguka, na haukufungwa tena.

Neno utandawazi nalo limebeba mizigo mingi. Hapa nalitumia kwa maana moja tu: hali ambayo uamuzi uliopitishwa mahali fulani unabadili maisha ya watu wa mbali kabisa, watu ambao hawakuulizwa na huenda wasijue kamwe uamuzi ule ulitoka wapi. Kwa maana hiyo haihitajiki simu wala ndege. Kinahitajika kitu kinachosafiri, na mtu anayekitaka kiasi cha kulipa.

Bahari iliyokuwa na wenyewe

Mwezi Mei 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga karibu na Calicut, pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India. Mtu wa kwanza kushushwa alikuwa mmoja wa wafungwa waliochukuliwa safarini kwa ajili ya kazi za hatari kama hiyo. Wenyeji walimpeleka kwa wafanyabiashara wawili Waislamu wa kutoka Tunis, waliojua Kikastilia na lugha ya Genoa. Shajara ya safari ile inasema walimpokea kwa laana na swali: shetani akuchukue, nani kakuleta huku?

Litazame tukio hilo polepole. Mreno amesafiri miezi kumi na zaidi, amezunguka Afrika, anadhani amefika upande wa pili wa dunia, na anapokewa na watu wa Mediterania wanaozungumza lugha ya majirani zake. Siku chache baadaye da Gama aliandaa zawadi za mtawala wa Calicut, aliyeitwa Zamorin: vitambaa, kofia, mabeseni ya kunawia, sukari, mafuta na asali. Maofisa walipoziona walicheka. Hata mfanyabiashara maskini kabisa wa Makka, walisema, huleta zaidi ya hivi.

Kicheko kile ni cha kukumbukwa kuliko nanga zile. Ulaya ilitaka pilipili, hariri, kaure na vitambaa vya pamba. Asia haikutaka karibu chochote kilichotengenezwa Ulaya. Sehemu kubwa ya yaliyofuata katika miaka 300 inaeleweka vizuri ukiyaona kama majaribio ya kutafuta jibu la swali moja la aibu: tutawalipa nini hawa?

Bahari yenyewe ilikuwa na wenyewe siku nyingi. Pepo za kaskazi na kusi zilikuwa ratiba yake, zikipeleka majahazi miezi kadhaa kisha zikiyarudisha. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji wa biashara uliosimama. Kati ya 1405 na 1433 amiri Zheng He aliongoza safari saba za merikebu za Ming hadi Uarabuni na Afrika Mashariki, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika katika kasri la mfalme wa Uchina. Kisha Uchina ikaziacha safari hizo kwa hiari yake, jambo linalowashangaza wengi leo, ingawa kwa dola iliyokuwa na adui kwenye mpaka wake wa kaskazini halikuwa la ajabu.

Kuna hadithi moja ya enzi hiyo ambayo kila mwanafunzi wa somo hili huonjeshwa mapema. Inasemekana rubani aliyempeleka da Gama kutoka Malindi hadi Calicut alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa ubaharia wa Kiarabu na mtunzi wa mashairi ya uongozaji vyombo. Ni hadithi tamu: ina bingwa, ina kosa, ina majuto. Chanzo chake ni mwandishi wa Makka wa karne ya 16 aliyeandika miongo kadhaa baada ya tukio. Maandishi ya Wareno yanamtaja rubani mwingine, Mgujarati, na watafiti wengi leo wameiweka kando hadithi ya Ibn Majid. Mimi huikumbuka kila ninapokutana na tukio kubwa lililopewa mhusika maarufu kupita kiasi. Mgujarati asiyejulikana na mtu hakutosha kuwa sababu ya mkosi mkubwa namna ile, kwa hiyo watu wakamtafutia mkubwa mwenzake.

Kipya walichokileta Wareno kilikuwa mizinga juu ya meli, na wazo kwamba bahari inaweza kutozwa kodi. Waliipora Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505, wakaishika Goa 1510, Malacca 1511 na Hormuz 1515. Chombo kisicho na hati yao ya ruhusa, iliyoitwa cartaz, kiliweza kutekwa. Hati hiyo ilimlazimisha nahodha kupitia bandari zao na kulipa ushuru. Lakini baada ya miaka michache sehemu nzuri ya faida yao ilitoka katika kubeba bidhaa za Waasia kutoka bandari moja ya Asia hadi nyingine. Waliingia kama watoza ushuru wa barabara ya watu wengine, wakaishia kuwa wachukuzi.

Fedha

Kiswahili hakitenganishi pesa na yale madini meupe: vyote ni fedha. Kifaransa nacho kina argent kwa vyote viwili, Kihispania cha Amerika kina plata, na kwa Kichina jina la benki linaanza na neno la madini hayo. Anayetaka kuingia katika historia hii kwa mlango mmoja tu, huu ndio mlango.

Wengi huanza simulizi hii Hispania. Naona hilo ni kosa. Ianze Uchina.

Dola ya Ming ilianza kwa kuchapa noti, ikachapa nyingi mno, na kufikia katikati ya karne ya 15 noti zile hazikuwa na thamani ya kutajika. Watu wakahamia kwenye vipande vya fedha, wakivipima kwa mizani. Serikali ikawafuata nyuma. Katika miaka ya 1570 na mwanzoni mwa 1580, chini ya waziri mkuu Zhang Juzheng, kodi za mazao na siku za kazi za lazima zilijumuishwa kuwa malipo ya mkupuo yaliyolipwa kwa fedha, katika mageuzi yaliyopewa jina la "mjeledi mmoja". Fikiria uzito wake: nchi yenye watu wengi kuliko Ulaya nzima inawataka wakulima wake walipe kodi kwa madini ambayo ardhi yake inayo kidogo. Matokeo yalionekana kwenye bei. Mwishoni mwa karne ya 16, kizio kimoja cha dhahabu kilinunua vizio karibu 6 vya fedha Uchina, na karibu 12 Hispania. Fedha ile ile, ikivuka bahari, ilikaribia kupanda thamani maradufu.

Shimo hilo la mahitaji lilivuta kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa Japani, ambako machimbo ya Iwami yalikuwa yamefunguliwa mwaka 1526. Ming iliwakataza raia wake kufanya biashara na Japani, na katikati ya marufuku hiyo wakajipenyeza Wareno. Walikaa Macau tangu 1557, wakaanza kutumia Nagasaki mwaka 1571, wakipeleka hariri ya Kichina kwa Wajapani na kurudi na fedha ya Kijapani kwa Wachina. Waliishi kwa ugomvi wa majirani wawili.

Upande wa pili ulikuwa Potosí, katika nchi ambayo leo ni Bolivia. Mwaka 1545 mlima uliojaa fedha ulianza kuchimbwa huko, kwenye mwinuko wa kama mita 4,000, mahali ambapo mtu asiyezoea hupumua kwa shida hata akiwa amekaa. Kufikia mwaka 1600 mji uliozunguka mlima ule ulikuwa na watu zaidi ya 100,000, sawa na miji mikubwa ya Ulaya ya wakati huo, ingawa ardhi yake haikuwa ya kulisha hata sehemu yao ndogo. Mambo mawili yaliufanya utoe fedha kwa wingi namna ile. La kwanza ni zebaki. Mawe yalisagwa, yakachanganywa na zebaki iliyoshikamana na fedha, kisha mchanganyiko ukachomwa ili zebaki iondoke kama mvuke. Zebaki ilitoka Huancavelica, Peru, na mvuke ule uliingia mapafuni mwa waliochoma. La pili ni watu. Katika miaka ya 1570 mtawala wa Peru, Francisco de Toledo, aliuchukua utaratibu wa mita, ambao chini ya Wainka, watawala wa huko kabla ya Wahispania, ulikuwa zamu ya kazi kwa ajili ya dola, akaugeuza kuwa kazi ya kulazimishwa migodini. Kila mwaka kama mwanamume mmoja kati ya saba katika wilaya zilizopangiwa zamu alipaswa kwenda. Wengine walitembea wiki nyingi na familia zao na llama wao hadi Potosí, na wengi hawakurudi makwao, ama kwa kufa ama kwa kukimbilia wilaya ambazo hazikupangiwa zamu.

Kilichobaki ni kuunganisha milima ile na Uchina. Mwaka 1565 Wahispania walipata njia ya upepo ya kurudi kutoka Ufilipino hadi Mexico. Mwaka 1571 Miguel López de Legazpi alianzisha Manila kama mji wa Kihispania, na tangu hapo merikebu za Manila na Acapulco zilivuka Pasifiki karibu kila mwaka. Ziliondoka Acapulco na fedha, zikarudi na hariri na kaure. Safari ya kurudi ilichukua miezi minne hadi sita, na ilikuwa na sifa mbaya kwa njaa na kiseyeye. Wafanyabiashara wa Kichina walihamia Manila kwa maelfu, wakajaa katika mtaa wao ulioitwa Parián. Wahispania hawakuweza kuishi bila wao na hawakuacha kuwaogopa. Mwaka 1603 hofu hiyo ilizaa mauaji ambamo Wachina wapatao 20,000 au zaidi waliuawa. Haukupita muda mrefu, wengine walikuwa wamekuja tena, kwa sababu fedha ilikuwa bado inashushwa bandarini kila mwaka.

Sasa rudi kwenye ile maana ya utandawazi. Mkulima wa Uchina anafuga nondo wa hariri ili apate kipande cha fedha cha kulipia kodi. Mwanamume wa Andes anavuta mvuke wa zebaki ili kipande hicho kipatikane. Hawajuani, hawana lugha ya pamoja, hakuna kati yao aliyewahi kusikia jina la kijiji cha mwenzake. Uamuzi wa ofisi ya kodi ya Beijing umeongeza thamani ya jiwe la Potosí.

Na aliyekuwa katikati, Hispania, alifaidika kidogo kuliko anavyodhaniwa. Fedha ilipita mikononi mwake ikaenda kwa wakopeshaji wa Genoa, kwa askari wa vita vya Uholanzi, na kwa bidhaa za wengine. Mfalme Felipe wa Pili, mwenye migodi tajiri kuliko yote duniani, alishindwa kulipa madeni yake mwaka 1557, 1575 na 1596. Bei za Hispania zilipanda karibu mara nne katika kipindi cha miaka mia moja hivi. Kilichosafiri mbali kuliko jeshi lolote lake ni sarafu ya reale nane. Wafanyabiashara wa Kichina waliigonga mihuri yao midogo kuthibitisha kwamba ni safi, Marekani iliitambua kama pesa halali hadi 1857, na neno reale likabaki katika Kiswahili, likiitwa hata kwa sarafu nyingine zilizokuja baadaye.

Ila simulizi nzuri inavuta kupita mpaka wake. Wapo waliodai kwamba Ming ilianguka mwaka 1644 kwa sababu fedha ilikatika katika miaka ya 1630 na 1640. Miaka hiyo ilikuwa pia ya baridi kali, ukame, magonjwa na maasi ya wakulima. Mimi naiona fedha kama jiwe moja katika mzigo uliokuwa na mawe mengi.

Kauri, vitambaa na watu

Maldivi ni visiwa vidogo katikati ya Bahari ya Hindi. Humo zilivunwa kauri, magamba madogo ya konokono wa baharini, zikapelekwa Bengal na Ceylon, na huko kampuni za Waholanzi na Waingereza zikazinunua. Katika meli zinazorudi Ulaya kauri zilifaa mara mbili: uzito wa kuitulizia meli, na bidhaa. Zilipigwa mnada Amsterdam na London, ambako hazikuwa na kazi yoyote, kisha zikapakiwa tena kwenda Afrika Magharibi, ambako zilikuwa pesa. Huko zilinunua watu.

Hapa ndipo neno "biashara" linapoanza kunichukiza, na sijapata badala yake. Kwa mujibu wa orodha za safari zilizokusanywa na watafiti kwa miongo mingi, watu wapatao milioni 12.5 walipakiwa kwenye meli kuvuka Atlantiki kati ya karne ya 16 na ya 19. Walioshuka wakiwa hai walikaribia milioni 10.7. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni watu waliofia baharini, na haigusi waliokufa njiani kuelekea pwani au kwenye ngome wakisubiri meli. Brazili peke yake ilipokea karibu milioni 5.

Mtu aliyeuzwa Ouidah, bandari ya Afrika Magharibi, katika karne ya 18 huenda alilipiwa kwa kauri za Maldivi, vitambaa vya pamba vilivyofumwa Gujarat au pwani ya Koromandeli, na tumbaku ya Bahia, Brazili, iliyolimwa na watumwa waliomtangulia. Bahari mbili zinakutana katika mwili wa mtu mmoja. Vitabu vya shule huweka biashara ya Atlantiki katika sura yake na Bahari ya Hindi katika sura yake, kana kwamba maji hayajuani. Mfumaji wa Gujarat na mtumwa wa Bahia wamo katika leja moja.

Vitambaa hivyo vya India vina kisa kingine. Waingereza walivipenda kiasi kwamba wafumaji wa London walizusha ghasia, na Bunge likapitisha sheria za kuvizuia, mwaka 1700 na tena 1721. Nyuma ya ukuta huo wa sheria ndipo watu wa Lancashire walipoanza kuhangaika kutengeneza pamba ya kufanana na ya India. Hadithi ya viwanda ambayo huelezwa kama jambo la ndani ya Uingereza ina mlango wa nyuma unaofunguka kuelekea Surat, bandari ya Gujarat.

Kuhusu magonjwa na mimea nitapita haraka, kwa kuwa ndiyo sehemu inayojulikana zaidi. Ndui ilifika Mexico mwaka 1520, ikaingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, kabla mji haujaanguka mikononi mwa Wahispania. Makadirio mengi ya kupungua kwa wenyeji wa Amerika katika karne na nusu ya kwanza yanazidi asilimia 80, na ugonjwa haukufanya kazi hiyo peke yake: vita, njaa na kazi kama ile ya mita viliusaidia. Upande wa pili, mihogo, viazi vitamu, karanga na yale mahindi yenye jina la uongo viliingia Afrika na Asia. Viazi vitamu vilipanda milima ya Uchina ambako mpunga haukuweza, na idadi ya Wachina katika karne ya 18 iliongezeka karibu maradufu. Mimea ya walioangamizwa ililisha ongezeko la watu wa mabara mengine.

Kampuni nazo zinatosha kwa mfano mmoja. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki iliundwa mwaka 1602, hisa zake zikauzwa na kununuliwa Amsterdam, na ilikuwa na ruhusa ya kupigana vita na kusaini mikataba. Mwaka 1621, chini ya Jan Pieterszoon Coen, ilivamia visiwa vya Banda, katika Indonesia ya leo, wakati huo chanzo pekee cha kungumanga duniani. Wakazi wapatao 15,000 waliuawa, walikufa njaa, walifanywa watumwa au walikimbia, wakabaki wachache sana, na mashamba yakagawiwa kwa wasimamizi wenye watumwa. Mwenye hisa Amsterdam alipata gawio. Mwaka 1667, katika mkataba wa Breda, Uingereza iliacha madai yake juu ya Run, kisiwa kimojawapo cha Banda, na Uholanzi ikaiachia Uingereza Manhattan. Wakati ule wengi hawakuona kwamba Uholanzi imepunjwa.

Namna ya kusoma

Shida ya kwanza ni kwamba aliyeandika ndiye aliyedai. Hifadhi kubwa za nyaraka za kipindi hiki ziko Seville, Lisbon, The Hague na London, na zimejaa vitu ambavyo wakubwa walitaka kuvitoza ushuru, kuvimiliki au kuvishtaki mahakamani. Jahazi lililopita usiku bila cartaz halimo. Mwanamke aliyebadilishana mbegu na jirani yake hayumo, ingawa huenda mahindi yalisambaa zaidi kwa mikono kama yake kuliko kwa meli yoyote. Ndiyo maana wanahistoria wa eneo hili wamejifunza kushirikiana na wachimbuaji wa mabaki ya kale, wanaopima vigae vya kaure ya Kichina katika magofu ya miji ya pwani kama Gedi, na wanaisimu wanaofuatilia maneno. Meza, leso na gereza ni maneno ya Kireno yaliyotulia katika Kiswahili. Yanaonyesha mahali ambapo watu wawili walikutana na mmoja akahitaji neno la mwenzake.

Shida ya pili ni ukubwa. Ukitazama dunia kutoka juu sana, watu hupotea na hubaki mishale kwenye ramani. Dawa inayotumika ni kumfuata mtu mmoja. Malik Ambar alizaliwa Ethiopia karibu na mwaka 1548, akauzwa utotoni, akapita Uarabuni na Baghdad hadi Dekani nchini India. Aliachiwa huru, akakusanya jeshi, na tangu 1600 hadi kifo chake mwaka 1626 alikuwa mwenye nguvu halisi nyuma ya kiti cha sultani wa Ahmadnagar, akiwazuia Wamughal, watawala wa India ya kaskazini. Mfalme wao Jahangir alichukizwa naye kiasi cha kuchorewa picha akikipiga mshale kichwa cha Ambar kilichochomekwa kwenye mkuki. Tukio hilo halikuwahi kutokea. Picha ipo hadi leo, na inaeleza kushindwa kwa Jahangir kuliko waraka wowote wa ushindi.

Au mfuate Catarina de San Juan. Alizaliwa India, akatekwa na Wareno akiwa mtoto, akauzwa Manila, akavushwa Pasifiki na kuishia Puebla, Mexico, ambako watu walimwona kama mtakatifu. Alifariki mwaka 1688. Padri wake aliandika maisha yake, na baadaye Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa Katoliki dhidi ya uzushi, ikakipiga marufuku kitabu hicho. Tunachokijua juu yake kimepitia kalamu ya wanaume waliotaka awe kitu fulani. Hata hivyo njia yake, India hadi Manila hadi Mexico, ndiyo ile ile ya hariri na fedha, ila safari hii mzigo ulikuwa na kumbukumbu.

Shida ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi: kuusoma wakati ule tukiwa tayari tunajua mwisho. Kwa kuwa leo mambo yamefungamana, tunatafuta mafungamano, na tukitafuta tunayapata. Wengi wa watu wa mwaka 1650 hawakusafiri zaidi ya siku chache kutoka walipozaliwa. Wengine walichagua kufunga mlango, au kuuacha wazi kidogo. Japani iliwafukuza Wareno mwaka 1639 na kuwabana Waholanzi katika kisiwa kidogo cha Dejima tangu 1641, ikiendelea kushughulika na Wachina na Wakorea kwa masharti yake. Kwa muda mrefu uamuzi huo uliitwa kujifungia. Ukikumbuka yaliyotokea Banda na Manila, unaonekana kama usomaji mzuri wa habari za dunia.

Lini basi?

Wanahistoria wa uchumi Dennis Flynn na Arturo Giráldez wamependekeza mwaka kamili wa kuanza kwa utandawazi: 1571, kuanzishwa kwa Manila, kwa kuwa hapo ndipo mabara yote yenye watu wengi yalipoanza kubadilishana bidhaa moja kwa moja na bila kukatika. Kevin O'Rourke na Jeffrey Williamson wanakataa. Kwao soko la pamoja hutambuliwa kwa bei: kama masoko mawili yameunganika kweli, tofauti ya bei kati yao hupungua hadi ikaribie gharama ya usafiri. Kwa bidhaa walizozipima, mabadiliko hayo yanaonekana tangu miaka ya 1820. Kabla ya hapo kungumanga na karafuu ziliuzwa Amsterdam kwa bei ya mara nyingi zaidi ya kule zilikovunwa, na haikuwa bahati mbaya. Kampuni ya Kiholanzi ilichoma na kung'oa miti ili pengo libaki.

Kipimo chao ni safi, na wingi wa safari unawaunga mkono: meli zilizoondoka Ulaya kwenda Asia katika karne nzima ya 16 hazikufika 800, na katika karne ya 18 zilizidi 6,000, idadi ambayo bado ni ndogo kwa miaka mia. Lakini fedha inawasumbua. Ile tofauti ya thamani ya fedha kati ya Uchina na Hispania, 6 kwa 12, ilikuwa imezibika kwa sehemu kubwa kufikia katikati ya karne ya 17. Kwa bidhaa hiyo moja soko la dunia lilifanya kazi jinsi wapima bei wanavyotaka, karibu miaka 200 kabla ya tarehe yao. Na bei haimpimi aliyeuzwa Ouidah. Pengo la bei ya karafuu likipungua au lisipungue, maisha yake yalikuwa yamekwisha kugeuzwa na watu wa mabara manne.

Kwa hiyo nasimama na 1571, nikiwa na shaka ya kawaida juu ya mwaka wowote unaokaa sawa kupita kiasi. Merikebu za Manila ziliendelea hadi 1815, wakati vita vya uhuru vya Mexico vilipoikata njia ya fedha. Miaka mitano baada ya safari ya mwisho, ndipo jedwali za wapima bei zinapoanza kuona utandawazi.